David Huffman, mutu anayetupunguzia mega

Mutu wa mine anajua jambo hili bila kufundishwa: huwezi kupakiza majiwe yote ya shimo ndani ya kamio na kuyapeleka mpaka Durban ao Dar es Salaam. Kwanza unaondoa udongo, shaba njo inabaki, halafu unalipa njia. Kwenye telefone ni vile vile. Ukurasa wa aplikasio unaoufungua asubuhi hautokake kwa seva ukiwa muzima. Unabanwa kule, unasafiri ukiwa mudogo, kisha telefone yako inaufungua tena, na hakuna herufi hata moja iliyopotea. Mega zinazokatwa ni za ule mudogo. Ndani ya kazi hiyo kuna jina la mutu mumoja ambaye wengi wetu hatumujue: David Huffman.

Alizaliwa 1925 katika jimbo la Ohio, Marekani. Masomo yalimukalia mepesi: 1944, akiwa na miaka 18 tu, alikuwa tayari na diploma ya enjinia wa umeme kutoka iniversite ya Ohio State. Halafu akaingia jeshi la maji. Kazi yake ilikuwa kutunza radari ndani ya manowari, na kisha vita manowari hiyo ilisaidia kuondoa mine katika bahari ya Japani na ya China. Ni mine za kulipuka, si mine zetu za shaba. Wafaransa walitupatia neno moja kwa hatari mbili. Aliporudi alimaliza diploma ya pili 1949, akaenda kuendelea na masomo MIT, karibu na muji wa Boston.

Kule, mwaka 1951, profesa Robert Fano aliwapa wanafunzi wake kuchagua: kufanya mutihani wa mwisho, ao kuandika kazi moja juu ya swali alilowapa. Swali lilikuwa hili: namna gani ya kuandika herufi kwa alama mbili tu, sifuri na moja, ili maneno yachukue nafasi ndogo kuliko namna nyingine yoyote? Kintu kimoja profesa hakuwaambia. Yeye mwenyewe alikuwa amelitafuta jibu, pamoja na Claude Shannon, yule aliyeanzisha elimu ya habari 1948, na wote wawili walipata njia nzuri lakini si ile bora kabisa. Huffman alichagua kazi ya kuandika, alidhani itakuwa rahisi kuliko mutihani. Miezi ikapita. Alichoka, akaamua kuacha na kwenda kujifunza kwa ajili ya mutihani. Alipokuwa anatupa karatasi zake, jibu likamuingia kichwani. Kisha alisemaka kwamba kama angejua wakubwa wale walishindwa, labda hangejaribu hata siku moja.

Tuangalie jibu lenyewe, maana ni zuri na halitake masomo makubwa. Tukamate neno letu la kila siku: ANAPATAKA. Lina herufi 9. A inarudi mara 5. N, P, T na K kila moja mara 1. Kwa kawaida ordinatere inatoa alama 8 kwa kila herufi, basi neno hili linakula alama 72. Fano na Shannon walikuwa wanaanzia juu, wanagawanya herufi zote katika makundi mawili, halafu tena mawili. Huffman aligeuza, akaanzia chini, kwa zile zinazoonekana mara chache. Unashika mbili za chini kabisa, N na P, unazifunga pamoja, unazihesabu kama moja yenye 2. T na K, vile vile. Mafungu hayo mawili unayafunga, yanakuwa 4. Mwisho unaunganisha na A. Sasa A, yenye kazi nyingi, inapata alama moja tu: 0. Wengine wanapata tatu tatu: 100, 101, 110, 111. Hesabu: 5 za A, na 12 za wengine, jumla 17. Kutoka 72 mpaka 17! Na hakuna kuchanganya, kwa sababu hakuna kode inayoanza na kode ya mwingine.

Shida moja: anayepokea lazima apate pia orodha ya kode. Orodha nayo ina uzito wake. Ndiyo sababu jibu fupi sana la seva halifaake kubanwa, unaweza hata kuliongeza.

Kazi yake ilitoka katika gazeti la maenjinia 1952. Wengine wakaongeza juu yake: 1977, Jacob Ziv na Abraham Lempel walionyesha namna ya kutorudilia maneno yaliyokwisha kuandikwa mbele. Phil Katz akaunganisha njia hizo mbili, na 1992 Mfaransa Jean-loup Gailly na Mwamerika Mark Adler wakatoa gzip bure kwa kila mutu. Leo telefone inapoomba ukurasa, inamujulisha seva kwamba inaweza kufungua gzip. Seva inabana jibu na kuandika juu yake kwamba limebanwa. Maandishi ya aplikasio yana maneno mengi yanayojirudilia, basi mara nyingi inabaki sehemu ya tatu ao robo tu. Picha hapana: nyingi zimekwisha kubanwa mbele, na ndani ya picha za JPEG pia kuna Huffman.

Lakini seva lazima iambiwe kufanya hivyo. Kuna aplikasio moja ya hapa kwetu, jina naliacha, ambayo watumishi wanaangalia ndani yake siku zao za kazi. Kijana wetu wa enformatike aliichunguza: majibu yanatoka mazima, bila kubanwa. Ni mustari moja ao mbili za kuongeza kwa seva. Anayezisahau halipe kintu; anayelipa ni mupasua-majiwe mwenye mega za franka mia tano.

Huffman hakuomba breve. Hakupata hata dola moja juu ya kode yake. Alipata pointi za juu na kuepuka mutihani. Mimi mutu wa sendika ningependa walau makampuni yanayotajirika nayo yataje jina lake. Yeye inaonekana haikumusumbua. Alipata udokta 1953, akafundisha MIT, halafu 1967 akaenda iniversite ya California kule Santa Cruz, akasaidia kujenga idara ya ordinatere. Alifundisha mpaka 1994. Nyumbani alikuwa anakunja karatasi kwa mikunjo ya mviringo, kazi ya hesabu na ya uzuri pamoja, na 1976 aliandika juu yake.

Mwaka 1999 maenjinia wa IEEE walimupa medali ya Richard Hamming. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo kansa ilimuua, akiwa na miaka 74.