Howard Hughes: Alirithi Kampuni Akiwa na Miaka 18, Akadedi Bila Mtu wa Kumwambia Ukweli

Hebu jiulize swali moja kabla hatujaanza. Ukiamka kesho uambiwe buda yako amekuachia kampuni inayoingiza doh hata ukiwa umelala, utafanya nini? Utanunua ndai? Utahama mtaa? Usiharakishe kujibu. Kuna msee alipata hiyo bahati kule Marekani miaka mia moja iliyopita, na stori yake ndiyo hii.

Howard Hughes alizaliwa Texas mwaka wa 1905. Mzee wake, naye pia Howard, alikuwa anasaka mafuta kama wengine wote Texas, lakini aliomokea kwa njia tofauti. Mwaka wa 1909 alisajili chuma cha kuchimbia visima, chenye meno ya kuzunguka, ambacho kilikuwa kinasaga mwamba uliowashinda wengine. Halafu akacheza kama yeye: hakukiuza, alikuwa anakikodisha. Upate mafuta, usipate mafuta, Hughes ameshalipwa. Manze, hiyo ndiyo biashara.

Mathe wake alikuwa anaogopa magonjwa vibaya sana. Alikuwa anamkagua huyo mtoi kila wakati kama ana dalili ya ugonjwa wowote. Weka hiyo kwa kichwa, tutairudia.

Mathe aliaga 1922. Mzee akafuata 1924. Howard alikuwa na miaka 18 tu, na robo tatu ya kampuni ikawa yake. Watu wa familia walitaka kumshikia hadi akomae. Akakataa. Alienda kortini akatangazwa mtu mzima akiwa na miaka 19, akanunua sehemu ya jamaa zake, akaacha na chuo. Mimi pia niliacha chuo, lakini yangu ilikuwa mambo ya karo, kwa hivyo usitulinganishe.

1925 akaoa, akahamia Hollywood. Watu walimcheka, wakamwona mtoto wa tajiri amekuja kumwaga pesa. Kidogo kidogo, filamu aliyogharamia, Two Arabian Knights, ikashinda tuzo ya mwongozaji wa vichekesho kwenye zile Oscar za kwanza kabisa. Hapo akapagawa. Filamu yake ya marubani wa vita, Hell's Angels, ilimchukua karibu miaka mitatu. Alinunua ndege za kivita za ukweli. Filamu ilipokuwa karibu kuisha, sauti ikaingia kwa sinema, akaamua kurudia sehemu kubwa upya. Mwigizaji wake mkuu alikuwa wa Norway na lafudhi haikukubali, akamtoa akamweka Jean Harlow. Bajeti ilifika mamilioni ya dola. Watu kadhaa walikufa kwenye hiyo kazi, na Howard mwenyewe alianguka na ndege akifanya mchezo ambao marubani wa kulipwa walikuwa wamekataa.

Umeona kitu? Watu waliojua kazi walimwambia hapana, yeye akaenda. Alikuwa na doh ya kutosha kutosikia hapana.

Lakini pia tusimchukulie poa, huyu jamaa alikuwa na kichwa. 1935 alipaa na ndege aliyoiunda na mafundi wake, H-1, akavunja rekodi ya dunia ya ndege za nchi kavu kwa kasi ya kilomita 567 kwa saa. 1938 akazunguka dunia na wenzake wanne kwa siku 3 na saa 19, na New York ikamwagikia barabarani kumpokea. Akachukua pia usukani wa shirika la ndege la TWA. Kwa Wamarekani alikuwa shujaa kabisa.

Halafu kuna upande ule mwingine. 1936 aligonga mtu na gari huko Los Angeles, yule mtu akafa. Howard alishikwa, lakini hakufungwa. Mwenye pesa na asiye na pesa hawajawahi kupitia mlango mmoja wa korti, na hiyo wewe unaijua vizuri.

Vita vya pili vya dunia vikamletea tenda za serikali. Alipewa mamilioni ya dola aunde ndege za upelelezi na ndege kubwa ya kubeba wanajeshi. Vita vikaisha, ndege hazijafika. Julai 1946 alikuwa anajaribu ile ya upelelezi, XF-11, ikamwangukia Beverly Hills kwenye nyumba za watu. Alivunjika mbavu, akaungua, na mwanajeshi mmoja akamvuta kutoka kwa moto. Alipona, lakini dawa za maumivu alizopewa hospitalini hazikumwacha tena maisha yake yote.

1947 akaitwa na maseneta aeleze pesa za umma zilienda wapi. Wengi walidhani atanyamaza. Badala yake alimgeukia seneta aliyekuwa anaongoza mashtaka, akamshutumu kwamba anatumiwa na shirika pinzani la Pan Am. Novemba mwaka huo akaenda Long Beach, akaingia ile ndege kubwa ya mbao, mabawa mita 97, akaipaisha karibu kilomita moja unusu. Haikupaa tena hata siku moja. Leo iko kwa makumbusho kule Oregon.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kuharibika. Alinunua studio ya RKO 1948, akafukuza watu na kuwasaka waliodhaniwa ni wakomunisti, akaiuza 1955 ikiwa hoi. 1956 kampuni yake ilimkopesha kaka yake Nixon dola 205,000, wakati Nixon alikuwa makamu wa rais. Mwaka uliofuata taasisi ya Hughes ya utafiti wa afya, iliyokuwa inamiliki kampuni yake ya ndege, ikasamehewa kodi. Wewe jumlisha mwenyewe.

1966 aliuza hisa zake za TWA kwa dola milioni 546, akaingia Las Vegas kwa treni, akakodi orofa za juu za hoteli ya Desert Inn. Wenye hoteli walipomtaka ahame wapishe wacheza kamari, akanunua hoteli. Akaendelea kununua kasino moja baada ya nyingine, na bado alikuwa hatoki chumbani. Madirisha yalifunikwa. Kila kitu kilishikwa na karatasi za tishu ili viini visimfikie. Ule woga wa mathe ulikuwa umekua ukawa ugonjwa. Meneja wake mkuu wa Vegas alimfanyia kazi kwa miaka bila kuwahi kuketi naye uso kwa uso.

Jamaa alihitaji daktari wa akili. Aliokuwa nao ni wasaidizi wanaolipwa vizuri kufanya chochote anachosema, pamoja na kumletea zile dawa.

Aprili 5, 1976, akafa ndani ya ndege akitoka Acapulco kupelekwa Houston. Figo zilikuwa zimekufa. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 42, na vipande vya sindano vilivyovunjika vilikuwa bado mikononi mwake. Ilibidi FBI ithibitishe ni yeye kwa alama za vidole.

Na wosia? Hakuna uliokubalika. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Karatasi zikaibuka, korti ikakataa, na miaka saba baadaye mali ikagawiwa jamaa 22. Ile taasisi ya afya nayo ikauza kampuni ya ndege 1985 kwa zaidi ya dola bilioni 5, na leo ni kati ya wafadhili wakubwa wa utafiti wa magonjwa duniani. Kwa hivyo pesa za mtu aliyeogopa viini zinapigana na viini hadi leo. Angalau hiyo.

Sasa rudi kwa swali letu la kwanza. Siku ukiomoka, na tunakuombea, nunua ndai, hama mtaa, hiyo ni yako. Lakini kwa mbogi yako bakisha mse mmoja ambaye humlipi, na ambaye atagonga mlango akuambie umeenda mrama. Howard alikuwa na uwezo wa kununua hoteli nzima. Huyo mse hakuwa naye.