Dick Lane, Treni ya Usiku: mutumikaji wa kiwanda aliyefunga njia ya pasi

Huku kwetu mutu akisema mupira, wote tunasikia mupira wa miguu. Lakini Wamarekani wako na mupira wao, ule wa kuchezwa zaidi kwa mikono, murefu kama papai. Leo tunaeleza maisha ya mumoja kati ya wakubwa wa mupira huo: Richard Lane, aliyeitwa Dick, na zaidi Night Train, maana yake Treni ya Usiku. Alikufa mwaka 2002. Rekodi aliyoiweka mwaka 1952 haijavunjwa na mutu hata leo.

Mutoto wa kuokotwa

Lane alizaliwa Austin, katika jimbo la Texas, tarehe 16 aprili 1928. Wazazi wake hawakumulea. Alikuwa na miezi mitatu tu walipomutupa kwenye takataka. Mama mumoja mujane, Ella Lane, alisikia kilio, akakaribia, akakuta si paka, ni mutoto. Mama huyo alikuwa tayari na watoto wake wa kulisha, na pesa hakuna. Angeweza kupita njia yake. Alimubeba, akamupeleka nyumbani, akamupa jina la jamaa yake. Jina Lane ambalo Marekani yote ililijua nyuma, ni jina la mama yule.

Wakati ule katika Texas, weusi na weupe hawakusoma pamoja. Dick alisoma Anderson, shule ya weusi ya Austin, na njo pale alianza kucheza. Kisha alienda mbali kule kaskazini, kuishi na mama aliyemuzaa. Alicheza musimu mumoja katika chuo kidogo cha Scottsbluff, akaingia jeshi, akafanya miaka minne. Kwenye kambi ya Fort Ord, California, alicheza katika ekipe ya askari, na magazeti yakaanza kuandika jina lake. Vipande vile vya magazeti alivikata, akavitunza katika daftari.

Mafuta kichwani

Alipotoka jeshini mwaka 1952, alikuwa Los Angeles, kijana wa miaka 24, anatafuta kazi. Aliipata katika kiwanda cha ndege. Kazi yenyewe ilikuwa kuinua mabati mazito ya chuma yaliyolowa mafuta na kuyapeleka kwenye mashine. Mafuta yalimutiririkia kichwani na kwenye nguo, toka asubuhi hadi kutoka. Sisi tunaotumika na chuma na mawe hatuna lazima ya kuelezwa hii.

Siku moja akaona basi, imetosha. Akachukua daftari lake chini ya kwapa, akaingia katika biro ya ekipe ya Los Angeles Rams, akaomba kujaribiwa. Hakuwa na mutu wa kumupeleka. Na Rams haikuwa ekipe ya mutaa: mwaka 1951 ilikuwa imeshinda ubingwa wa ligi kubwa. Kocha Joe Stydahar alikubali kumuona kiwanjani.

Lakini hapa tusidanganyane. Kuna watu wanapenda kusema kwamba mwenye kipawa atafika tu, mulango utajifungua wenyewe. Mulango ule ulikuwa umefunguliwa na wengine. Toka mwaka 1934 hadi 1945 hakuna mutu mweusi hata mumoja aliyecheza katika ligi ile. Mwaka 1946, Rams walipohamia Los Angeles, walitaka kutumia uwanja mukubwa wa Coliseum. Uwanja ule ulikuwa mali ya umma, umejengwa kwa kodi ya watu wote. Waandishi wa magazeti ya weusi walisimama, wakasema: mutachezaje katika uwanja wetu na mukatufungia mulango? Rams wakalazimika, wakaandika Kenny Washington na Woody Strode. Miaka sita nyuma, Lane akaingia na daftari lake. Ujasiri ulikuwa wake, lakini njia ilikuwa imekatwa na wale waliodai mbele yake.

Pasi 14 katika mechi 12

Mwanzoni walimuweka kati ya washambuliaji, wale wanaokimbia kupokea pasi. Nafasi ile ilikuwa ya watu wawili wenye sifa, Tom Fears na Elroy Hirsch. Lane alienda mara nyingi kwenye chumba cha Fears ili amufundishe. Fears alipenda kupiga sahani ya muziki iliyoitwa Night Train. Kila Lane alipofika, treni ya usiku inalia. Mwenzao mumoja akaanza kumuita hivyo, na jina likashika hadi kaburini.

Nafasi ya kushambulia haikupatikana, basi wakamugeuza mulinzi wa nyuma. Tueleze kidogo. Katika mupira ule, ekipe moja inabeba mupira kwenda mbele, nyingine inazuia. Murusha pasi anatafuta mwenzake aliyekimbia mbali, anamutumia mupira hewani. Mulinzi wa nyuma kazi yake ni kumufuata mukimbiaji yule, asipokee. Na akiweza, aukamate yeye mwenyewe: hapo mupira unakuwa wa ekipe yake.

Lane alikuwa na urefu wa mita 1 na sentimeta 85, mikono mirefu, na mbio nyingi. Tena alikuwa na werevu wa muwindaji. Alimuachia mukimbiaji nafasi kidogo, kama mutu aliyesahau kazi. Murusha pasi anaona, anafurahi, anatupa. Mupira ukiwa ungali hewani, Lane amekwisha kufika.

Mwaka ule wa kwanza, 1952, alinyang'anya pasi 14. Aliyekuwa mbele yake alikuwa amefikisha 13, mwaka 1950. Na musimu wa wakati ule ulikuwa wa mechi 12 tu. Baadaye ligi iliongeza mechi: 14, kisha 16, leo 17. Wachezaji wa sasa wana viatu vizuri, waganga wao, filamu za kujifunza adui. Mwaka 1980 Lester Hayes wa Oakland alifika 13 katika mechi 16, akaishia pale. Rekodi ya yule aliyetoka kubeba mabati ingali imesimama.

Mukono wa shingoni

Mwaka 1954 Rams walimupeleka kwa Chicago Cardinals, ekipe zaifu, na mwaka uleule akaongoza tena ligi yote kwa pasi 10. Mwaka 1960 Cardinals wakamupeleka Detroit Lions, akacheza kule hadi 1965. Kwa jumla ni misimu 14, pasi 68 alizonyang'anya, na alikimbia nazo yadi 1.207, ni kusema zaidi ya mita 1.100. Ubingwa hakuupata hata mara moja.

Sasa kuna upande mwingine wa sifa yake, na hatutauficha. Lane aliogopwa juu ya namna yake ya kuangusha watu. Hesabu yake ilikuwa hii: ukimushika mutu miguu, anaanguka mbele na anapata hatua nyingine, ukimushika juu, anabaki palepale. Kwa hiyo alirusha mukono wake shingoni na kichwani, kwa nguvu ya mbio zote. Watu waliuita mukono ule kravati ya Night Train. Wengine alivuta hata chuma kinacholinda uso. Watazamaji walishangilia. Aliyelala chini hakushangilia.

Kwa sheria ya wakati wake Lane hakuwa mwizi. Alifanya kile kilichoruhusiwa, na alikifanya kuliko wote. Lakini shingo ya mutu ni shingo. Mwaka 1962 ligi ilikataza kabisa kushika chuma cha uso cha mutu yeyote, na kupiga watu shingoni nako kukakatazwa. Watu wa zamani walilalamika kwamba mupira unakuwa wa watoto. Maneno yale tunayajua. Kila sheria ya usalama inapofika kazini, kuna muzee mumoja anasema yeye alitumika miaka ishirini bila kofia na hakufa. Ndiyo, yeye hakufa. Tuulize wale ambao hawapo kujibu.

Wachezaji wenyewe walikuwa wameanza kufikiri hivyo. Mwaka 1956 walianzisha sendika yao. Maombi yao ya kwanza yalikuwa mepesi: mushahara wa chini wa dola 5.000, nguo na vyombo vya kazi vilipwe na ekipe, na mutu aliyeumia mechini aendelee kulipwa. Juu ya nini waliomba hayo? Juu hawakuwa nayo. Watu waliojaza viwanja walikuwa wakinunua vyombo vyao wenyewe, na mutu akivunjika muguu, mushahara unaweza kuvunjika nao. Mwenye kusoma orodha ile huku migodini atafikiri ni ya kwetu.

Detroit, huzuni na kazi

Katika julai 1963 Lane alimuoa Dinah Washington, mwimbaji mukubwa wa blues. Furaha haikudumu hata miezi sita. Asubuhi ya tarehe 14 desemba 1963, Lane alimukuta mukewe amekufa nyumbani kwao Detroit. Alikuwa amechanganya dawa za usingizi bila kujua hatari yake. Alikuwa na miaka 39. Lane alirudi kucheza misimu miwili tena, magoti yakachoka, akaacha akiwa na miaka 37.

Mwaka 1974 aliingizwa katika nyumba ya heshima ya mupira wao, kule Canton, Ohio. Alifundisha kidogo katika vyuo vya weusi. Kisha mwaka 1975 alipewa kazi katika Detroit, muji wa viwanda vya magari, ambao wakati ule uliongozwa na Coleman Young, mutu aliyetoka katika mapigano ya sendika. Lane alisimamia chama cha michezo ya watoto kilichowekwa na polisi ya muji. Alikaa pale hadi 1992, miaka 17, zaidi ya miaka yote aliyocheza. Watoto wa mitaa, wengine bila baba, walipata kiwanja, nguo za mechi na mutu muzima wa kuwaita kwa jina.

Nyuma ya hapo alirudi Austin, muji alikookotwa. Sukari ilimutesa, magoti pia. Moyo ulisimama tarehe 29 januari 2002, alipokuwa na miaka 73.

Wamarekani wanahesabu zaidi zile pasi 14, na ni haki yao. Sisi tuhesabu pia watu waliokuwa nyuma yake: mama mujane aliyesimama kwenye takataka, waandishi waliodai uwanja wa umma, na Fears, aliyemufundisha kazi kijana aliyeweza kumunyang'anya nafasi. Na vijana wetu wanaotafuta kazi leo, wasiogope kubeba daftari lao na kuingia mulangoni. Wakiisha kuingia, wasiufunge nyuma yao.