Gor Mahia, Shujaa Asiyekamatika kwa Rangi

Jina la Gor Mahia sisi watu wa Mombasa twalijua kwa mpira. Tangu timu hiyo iundwe mwaka 1968, twalitaja kila ikija kucheza kwetu, na mara nyingi kwa hasira. Gor mwenyewe ni nadra kuulizwa.

Alikuwa mganga na kiongozi wa Wakanyamwa wa Ndhiwa, ambako leo ni Kaunti ya Homa Bay, akafariki mwaka 1920. Mahia, kwa Kijaluo, ni maajabu. Wasimulia kwamba adui akimwandama, humkuta ajuza, mara mtoto, mara mnyama. Waingereza walipoweka kituo Karungu, ukingoni mwa ziwa upande wa Migori, mwanzoni mwa karne ya 20, neno lake lilikwisha kuwa zito. Uganga dini yetu yaukataza, naam, lakini kusikiliza si kuamini.

Kijana mmoja mchoraji wa Homa Bay, aliyesikia kuwa napenda habari za Fumo Liyongo, aliniomba shauri. Alikuwa akichora Wakanyamwa wakipigana na jirani zao wa Kadem, ambao sasa wako Kaunti ya Migori. Gor kamweka mbele, mkuki juu, na adui akichoma kivuli chake.

Nikamwambia kivuli ni cha Luanda Magere wa Kano, upande wa Kisumu, aliyepigana na Wanandi. Liyongo wetu aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Gor hakufa kwa mkuki, basi asikopeshwe kifo cha mwenziwe. Bunduki nazo azifute. Aweke ngao za ngozi ya nyati, mikuki, na manyoya ya mbuni vichwani.

La Kadem lilituchukua siku nyingi zaidi. Yeye alitaka wakimbie kama kuku. Nami nikashikilia kwamba watu hawa huoana hadi leo, na picha itatundikwa mahali watakapopita watoto wa pande zote mbili. Tena ushindi juu ya waoga ni ushindi gani? Kama Gor alishinda kwa kugeuka, basi lichorwe shaka machoni mwa watu hodari.

Alinuna, kisha akaifuta sura ya Gor. Pale pale akaweka ajuza na mzigo wa kuni, na mbele yake wapiganaji wawili wa Kadem, mmoja kainua mkuki, mwenziwe kamshika mkono.