Sayyidna Umar bin Khattab na Kuzijua Haja za Raia

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo: haya ni maelezo mafupi ya maisha ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), Khalifa wa pili, katika mlango mmoja tu, nao ni jinsi alivyokuwa akizitafuta haja za watu, afya zao na chakula chao, kabla ya kukata shauri juu yao.

Sayyidna Umar alikuwa Mkureshi wa Bani Adiyy. Alisilimu Makka kabla ya Hijra, na alipofariki Sayyidna Abubakar katika mwaka wa 13 wa Hijra (634) akashika ukhalifa. Katika siku zake zilifunguliwa Sham, Iraq na Misri, na raia wakawa wengi katika nchi zilizo mbali na Madina. Zamani za Mtume (S.A.W.) mwenye haja alikuja msikitini akaisema haja yake. Sasa maelfu ya watu hawakuweza kufika mlangoni kwa Khalifa, wala yeye hakuweza kuziona nyuso zao. Naye aliyakini kwamba Mola wake atamsaili juu yao wote, wa karibu na wa mbali.

Jambo alilolifanya ni kuwaandika. Aliweka Diwani, yaani daftari la majina ya watu na mafungu yao katika Baitul Mali. Wanahistoria wamekhitilafiana katika mwaka wake. Wako wasemao ni mwaka wa 15, na wako wasemao ni mwaka wa 20. Waandishi wake walikuwa Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubayr bin Mut'im, watu waliozijua sana nasaba za Waarabu. Wakaandika kabila baada ya kabila, wakianza na jamaa za Mtume (S.A.W.).

Na katika chakula hakutaka kukisia. Imepokewa kwamba aliamrisha nafaka ya kipimo kimoja kiitwacho jarib, ikasagwa, ikafanywa mikate, ikatiwa mafuta, kisha wakaitwa watu 30 wakala mchana hata wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo. Watu 30 wakawa wametumia jarib 2 kwa siku moja. Basi mtu mmoja zamtosha jarib 2 kwa siku 30. Hapo ndipo alipokata kwamba kila mtu apewe jarib 2 kwa mwezi, mwanamume na mwanamke, na mtumwa pia.

Lakini daftari laweza kuandikwa vizuri na kanuni yake ikawa na dhara ndani yake. Sayyidna Umar alikuwa amekata kwamba mtoto hapewi fungu ila akisha kuachishwa ziwa. Hata usiku mmoja ukaja msafara wa wafanyabiashara ukatua katika uwanja wa kuswalia, na Khalifa akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuwalinda wasiibiwe. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamtaka amche Mungu, amtazame mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda mara ya pili. Mwisho wa usiku akasikia kilio kile kile, akamwendea yule mama akamlaumu kwa ukali. Yule mama, naye hamjui aliyesimama mbele yake, akamweleza kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa naye hataki, kwa kuwa Umar hatoi fungu ila kwa aliyekwisha kuacha. Akamuuliza umri wake, akaambiwa ni miezi michache tu. Akamsihi asimharakishe.

Alipowaswalisha watu alfajiri, kisomo chake hakikusikilikana kwa kilio. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu kwa watoto wa Kiislamu ambao huenda wamekufa kwa sababu ya kanuni yake. Kisha akamwamrisha mpiga mbiu awatangazie watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani kila azaliwaye katika Uislamu atapata fungu lake. Na akaandika hivyo katika miji yote. Mtazame mtu huyu aliyekuwa akiogopewa na wafalme, jinsi alivyoipindua amri yake mwenyewe kwa maneno ya mwanamke mmoja asiyejulikana, wala hakuona haya kulikubali kosa lake msikitini.

Katika Iraq, majeshi ya Waislamu yalikaa Madain baada ya kuufungua mji ule. Wajumbe wao walipofika Madina, Khalifa akaziona rangi zao zimebadilika na miili yao imekonda, akauliza sababu, wakamwambia ni hali ya nchi ile. Hakutosheka na jawabu la wale waliokuja tu, bali alimwandikia jemadari wake Saad bin Abi Waqqas amweleze ni kitu gani kilichobadili miili ya watu. Ilipothubutu kwamba ni hewa ya mahali pale, akaamuru watumwe Salman na Hudhayfa watafute mahali pakavu pasipotengwa na Madina kwa mto wala bahari. Wakapachagua Kufa, na mji ukajengwa hapo katika mwaka wa 17 (638).

Kisha ukaja Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 (639). Mvua ilikatika, ardhi ikawa kama majivu, na mabedui wakamiminika Madina kutoka pande zote, wakapiga mahema yao kandokando ya mji. Sayyidna Umar akaweka watu katika kila upande wawasimamie, nao walikutana kwake kila jioni wakimpa khabari za upande wao. Usiku mmoja, watu walipokwisha kula, akaamrisha wahesabiwe waliokula kwake, wakapatikana 7,000. Hakuishia hapo. Alijua kwamba mwenye nguvu hujiendea mwenyewe penye chungu, na aliye dhaifu hubaki hemani, basi akaamrisha wahesabiwe wasiokuja: wake, wagonjwa na watoto. Wakapatikana 40,000. Baada ya siku kadha wakahesabiwa tena, na waliokula kwake wakawa 10,000 na wasiokuja 50,000. Wapishi waliinuka usiku wa manane kupika uji wa wagonjwa. Yeye mwenyewe akajizuia samli na nyama, akala mafuta ya zeituni hata rangi yake ikageuka. Mwaka ule hakuwatuma wakusanyaji wa zaka. Akatoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Sayyidna Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), na Mwenyezi Mungu akaileta mvua, kisha akawarudisha mabedui makwao kwa chakula na vipando.

Karibu na wakati huo ikazuka tauni ya Amwas katika nchi ya Sham. Khalifa alikuwa safarini kwenda huko, na alipofika Sargh majemadari wakampa khabari ya maradhi. Akawaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitilafiana. Akawaita Answari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao wote wakaona arudi na watu. Akakata kurudi. Abu Ubayda akaona ni kuikimbia kadari, naye akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, kama mchungaji aachaye upande mkavu wa bonde akaenda upande wenye majani. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, naye anayo elimu ya jambo lile kutoka kwa Mtume (S.A.W.), ya kuwa nchi iliyoingia tauni haiingiwi, na aliye ndani yake hatoki kwa kuikimbia. Sayyidna Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu. Tauni ile ilimchukua Abu Ubayda, na Muadh bin Jabal, na Yazid bin Abi Sufyan, na imepokewa kwamba waliokufa walifika 25,000. Ilipokwisha, Khalifa akaenda Sham mwenyewe, akagawa mirathi za waliokufa na kuzitengeneza hali za waliobaki.

Tena imepokewa kwamba alimwona mzee kipofu, Myahudi, akiomba milangoni. Akamuuliza kilichomlazimisha, akamwambia ni jizya na haja na uzee. Akamshika mkono akaenda naye nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamtuma kwa mweka hazina wa Baitul Mali na amri ya kumtazama yeye na wote walio mfano wake, na jizya akawaondolea. Haja ya mtu mmoja ilimjulisha haja ya wengi wasiofika mbele yake.

Mwisho wa umri wake aliazimia kuzunguka kwa raia mwaka mzima, akae miezi miwili Sham, na miezi miwili Misri, na vivyo hivyo Jazira, Bahrain, Kufa na Basra. Sababu yake ni kwamba alijua ziko haja za watu zikatikazo njiani: maliwali hawampelekei, na wenyewe hawawezi kumfikia. Hakujaaliwa safari hiyo. Katika mwezi wa Dhulhija mwaka wa 23 (644) alipigwa kisu na Abu Lulua naye yu katika swala ya alfajiri, akafa, akazikwa kando ya Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar. Siku chache kabla ya hayo alikuwa akiwahoji Hudhayfa na Uthman bin Hunayf wasije wakawa wameitwisha nchi ya Iraq kodi isiyoiweza, na akaazimia kwamba akiishi atawatosheleza wajane wa Iraq hata wasimhitaji mtu baada yake.

Katika zama hizi kazi ya kuzitafuta haja za afya za mji imewekwa pia mikononi mwa wauguzi. Muuguzi hupita nyumba kwa nyumba, akaandika watoto wangapi, wenye mimba wangapi, wazee na wagonjwa wangapi; huuliza maji yanatoka wapi na choo kiko wapi; huwasikiliza wazee wa mtaa; kisha hupimwa jambo lipi litangulie. Basi mwenye nyumba amfungiaye mlango, au amfichaye mgonjwa wake kwa haya, ni mmoja wa wanaozikata haja za watu njiani. Na wenye kugawa zaka na sadaka za msikiti, nao wakiwapa wale tu waliosimama mlangoni, wajue kwamba Sayyidna Umar aliwakuta 7,000 penye chungu, na mahemani wakabaki 40,000.

Mwenyezi Mungu amwie radhi Sayyidna Umar, na atupe uwezo wa kuzijua haja za jirani zetu na kuzitimiza. Amin.