Thomas Graham, mwana wa Glasgow aliyechunguza gundi



Katika somo la kemia tuliweka chupa tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa na maji na chumvi, ya pili maji na udongo, ya tatu maji na matone ya maziwa. Tukazitikisa, tukaziacha mpaka kesho yake. Chumvi haikuonekana tena. Udongo mwingi ulikuwa umeshuka chini. Lakini yale maziwa hayakuyeyuka kama chumvi wala hayakutuama kama udongo. Sasa yale ni kitu gani? Mtu aliyetupatia jina lake anaitwa Thomas Graham, na leo tunaeleza maisha yake.

Graham alizaliwa Glasgow, nchi ya Scotland, mwaka 1805. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, naye alitaka mtoto awe mchungaji katika Kanisa la Scotland. Kijana aliingia chuo kikuu akiwa bado mdogo sana, mwaka 1819, lakini huko kemia ikamkamata moyo. Baba alikasirika, akakata msaada wa feza. Hapo kijana angeweza kuacha, si ndiyo? Hakuacha. Alifundisha na kuandika ili apate kula, akaendelea na masomo. Hatusemi kwamba mtoto asiwasikie wazazi wake. Tunasema tu kwamba aliyechagua njia yake alikubali pia kulipa bei yake.

Mwaka 1830 akawa profesa katika chuo cha Anderson, palepale Glasgow. Kati ya waliosikiliza masomo yake alikuwa kijana mmoja wa kiwanda cha pamba, David Livingstone. Ni Livingstone yule yule ambaye mwaka 1871, pamoja na Stanley, alihakikisha kwamba Ruzizi, mto wetu huu, unaingia katika Ziwa Tanganyika, hautoki mule. Kumbe mwalimu wa Glasgow hayuko mbali sana na Nyangezi!

Mwaka 1837 Graham alihamia London. Mwaka 1861 alitoa kazi yake kubwa. Alikaza karatasi ya ngozi juu ya duara, kama vile tunavyokaza ngozi ya ngoma, akatia ndani maji yenye vitu mbalimbali, kisha akaiweka juu ya maji safi. Chumvi na sukari zilipita. Gundi na vitu vya namna yake vilibaki. Basi vile vilivyobaki akaviita koloidi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Kazi ile ya kutenganisha akaiita dialisi.

Graham alifikiri kwamba koloidi ni aina ya pekee ya vitu. Leo tunajua kwamba jambo kubwa ni ukubwa wa chembe. Katika mmumunyo, kama maji ya chumvi, chembe hazifikii sehemu moja ya milioni ya milimita. Katika koloidi zinaanzia hapo na kufika karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Zikizidi hapo, ni mchanganyiko unaotuama, kama udongo katika maji ya mvua. Jaribuni usiku na torchi: mwanga unapita ndani ya maji ya chumvi bila kuonekana, lakini ndani ya maji yenye maziwa kidogo njia yake inaonekana wazi.

Je, mambo haya ni ya mtihani tu? Hapana. Graham alionyesha kwamba urea iliyo katika mkojo inapita katika karatasi ile. Yeye alikufa London mwaka 1869, hakuona matunda yote. Mwaka 1943, huko Uholanzi, mganga Willem Kolff alitumia njia hiyo hiyo kusafisha damu ya mgonjwa ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Tuangalie damu yenyewe: chumvi na urea zimeyeyuka ndani yake, protini zake ni koloidi, na chembe nyekundu hutuama damu ikiwekwa kimya. Chupa zetu tatu zote ziko ndani ya mwili mmoja! Mashine inaacha urea ipite, protini na chembe nyekundu zinabaki, na mtu anaishi.

Basi, ndugu, tusidharau chupa ya maziwa na maji juu ya meza ya darasa.