Joginder Singh: Simba Aliyeanza na Spana

Ukipita kwenye gereji za jua kali hapa Eldoret siku ya Jumamosi, hukosi kuona gari kuukuu limeinuliwa juu ya mawe, boneti wazi, na mwenyewe amesimama kando akimtazama fundi kama mzazi anayemngojea daktari atoke chumbani. Majirani humcheka. Humwambia kwamba fedha anazozimwaga humo zingetosha kununua gari jingine lililo bora zaidi. Yeye hasikii. Wako wanaozipenda Volkswagen za mgongo wa kobe, wako wa Peugeot 404 na 504, na wako wachache wanaoziota zile motokaa za Kimarekani za miaka ya 1960, zenye injini ya silinda nane na mngurumo wa kutikisa madirisha.

Kwa watu wa namna hiyo, na hata kwa wale wanaowacheka, yako mafunzo katika maisha ya hayati Joginder Singh, ambaye wapenzi wa mashindano ya magari walimpa jina la Simba wa Kenya. Mtu huyu alipata kuziendesha motokaa za aina zote mbili: ya Kimarekani, mpya na yenye nguvu nyingi, na kuukuu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Hiyo mpya ilimpa nafasi ya mwisho. Ile kuukuu ilimpa ubingwa. Yafaa tusimulie ilikuwaje.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Alikuwa wa jamii ya Masingasinga, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Makalasinga. Wengi wa jamii hiyo waliletwa au kuja wenyewe kutoka Punjab, wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda ulioanza Mombasa mwaka 1896, na baada yake. Walikuwa maseremala, waashi na wafua vyuma. Kila mji uliochipuka kando ya reli, tangu Nakuru hadi Kisumu, na baadaye mji wetu huu ambao wazee bado wanauita Sisibo, ulikuwa na karakana ya Kalasinga. Ndiyo maana katika masimulizi ya watu wa bara, Kalasinga na fundi ni kama jina moja.

Joginder alilelewa katika hali hiyo. Akiwa kijana mdogo aliingia gereji kama spana boi, yaani yule anayeitwa alete spana namba fulani, ashike taa, aoshe vyuma kwa mafuta na anyamaze. Ni kazi ya chini, lakini mwenye macho huiba ujuzi wote hapo. Baadaye, katika miaka ya 1950, aliajiriwa na chama cha wenye motokaa cha Afrika Mashariki, akawa askari wake wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanachama waliokwama njiani.

Kazi hiyo ilimpa elimu ambayo haipatikani katika shule yoyote. Fundi wa gereji huletewa gari likiwa limekwisha kuharibika. Mtu wa doria hulikuta pale pale lilipofia, katika mvua au jua, akiwa na vifaa vichache tu. Huona ni springi gani zinazokatika kwenye mashimo, ni radieta zipi zinazochemka milimani, na vumbi linaingia wapi. Joginder alizijua barabara za nchi hii kama daktari anavyolijua tumbo la mgonjwa wake.

Mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 26, alianza kushindana. Mwaka uliofuata aliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa ya Safari.

Kwa vijana ambao wanaijua Safari ya siku hizi tu, ile iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, inafaa tueleze ile ya zamani ilikuwaje. Ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita, usiku na mchana, na kwa kawaida ilifanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huwa zimeanza. Barabara hazikufungwa. Mshindani alikutana na malori, mabasi, ng'ombe na twiga. Aliyechelewa kufika kituoni alihesabiwa dakika zake, na mwenye dakika chache za kosa ndiye aliyeshinda. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu.

Habari za magari hayo 7 zilienea ulimwenguni, nazo ziliwatia hamu watengenezaji wa magari. Kampuni ya Ford ya Marekani, kupitia tawi lake la Mercury, iliamua kuja na motokaa yake mpya iliyoitwa Comet. Huo ndio wakati ambapo Wamarekani walianza kutia injini kubwa katika motokaa za kiasi, wakazaa zile ambazo leo wapenzi wake wanazikarabati kwa gharama kubwa. Pontiac ilitoa GTO yake katika msimu huo, na Mustang ilizinduliwa Aprili 1964. Comet nayo haikuwa ya kuchezewa. Mwishoni mwa mwaka 1963, Comet nne zilizunguka katika uwanja wa Daytona, Florida, usiku na mchana kwa muda wa siku 40 hivi, kila moja ikatimiza maili 100,000 kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 100 kwa saa. Waliozitengeneza waliamini kwamba motokaa iliyostahimili hayo haiwezi kushindwa na matope ya Afrika.

Basi Pasaka ya mwaka 1964 Comet hizo zilipanga mstari Nairobi, zikiwa na silinda nane chini ya boneti na mafundi waliotoka mbali. Baadhi ya madereva walitoka Marekani. Miongoni mwa wenyeji waliopewa motokaa hizo alikuwako Joginder Singh.

Msomaji wa Eldoret ataelewa kwa urahisi yaliyozipata. Watu wote wanajua mgeni wa pwani anavyotweta akija kukimbia na vijana wetu huku juu, kwa sababu hewa ni nyembamba. Injini nayo huvuta pumzi. Ile inayotumia kabureta hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila futi 1,000 inazopanda. Ikifika Timboroa, penye zaidi ya futi 9,000, karibu robo ya nguvu zake imekwisha kupotea, na petroli iliyopimwa sawasawa kule Mombasa inakuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo. Tena kuna matope. Katika matope nguvu nyingi hazisaidii, huzungusha tu magurudumu na kulichimbia gari kaburi. Na uzito wa injini ya silinda nane hukaa mbele, ukizitesa springi katika kila shimo. Uwanja wa Daytona ni laini kama meza. Haukuwa na shimo hata moja la kuzifunza Comet hizo.

Mwaka ule mshindi alikuwa Peter Hughes katika Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza. Magari yaliyofika mwisho yalikuwa 21. Katika kundi zima la Comet zilifika mbili tu: moja ya 18, na nyingine ya 21, yaani ya mwisho kabisa. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Joginder.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni aibu. Fundi hatasema hivyo. Wenzake wengi walizitelekeza Comet zao njiani, naye aliirudisha yake nyumbani. Tena si haki kuzicheka motokaa hizo, kwa maana zilijengwa kwa barabara nyingine na zikafanya vema huko. Lililokosekana ni mtu wa kuzijenga upya kwa barabara hizi.

Mwaka uliofuata Joginder hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Yeye na ndugu yake Jaswant walipata Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kushindanishwa na kampuni yenyewe, kisha ikaachwa Afrika Mashariki. Kwa umbo ilikuwa motokaa ya kizee. Mchoro wake ulianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mgongo wake wa mviringo ulifanana na Ford za Kimarekani za miaka ya 1940. Injini yake ilikuwa ya silinda nne, ya lita 1.8. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinajiandaa kuacha kuitengeneza, na kiliacha mwaka huo huo wa 1965.

Ndugu hao wawili waliifungua na kuijenga upya kwa mikono yao. Hapo ndipo elimu ya spana boi na ya askari wa doria ilipolipa. Kila kilichokuwa na desturi ya kukatika, Joginder alikuwa amekwisha kukiona kimekatika mahali fulani, katika gari la mtu fulani, usiku fulani.

Pasaka ya mwaka 1965 walishinda Safari, wakamwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja. Tangu mashindano hayo yaanze, dereva aliyeshinda alikuwa Mzungu daima. Joginder alikuwa wa kwanza asiye Mzungu.

Tusisahau nchi ilikuwa katika hali gani. Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na watu wa asili ya Kihindi walikuwa wamepewa muda wa miaka miwili kuomba uraia. Katika maduka na nyumba zao lilikuwa swali la kila jioni, kubaki au kwenda, na katika miaka iliyofuata maelfu walifunga virago wakaenda Uingereza. Wako wananchi waliowatazama kwa jicho la shaka, kwamba mguu mmoja uko hapa na mwingine uko ng'ambo. Katikati ya mashaka hayo akatokea Kalasinga wa Kericho mwenye kilemba, na watu waliojipanga kando ya barabara, Waafrika, Wahindi na Wazungu, wakamshangilia kuwa ni wao. Hakuna hotuba iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa na motokaa kuukuu iliyojaa matope.

Baada ya hapo jina lake lilivuka mipaka. Alishiriki mashindano ya masafa marefu ya London hadi Sydney mwaka 1968. Katika Safari alimaliza wa pili mwaka 1969 na tena mwaka 1970. Wengine walidhani kwamba umri umeanza kumshika. Mwaka 1974, akiwa na miaka 42, aliingia na Mitsubishi Colt Lancer ndogo ya injini ya cc 1,600, na David Doig akiwa msaidizi wake. Mvua zilinyesha kwa nguvu. Porsche 911 ya Björn Waldegård wa Sweden, yenye nguvu kuishinda yake kwa mbali, ilimaliza ya pili. Ya kwanza ilikuwa Lancer ya Joginder. Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer na Doig yule yule, na safari hiyo Lancer zilichukua nafasi zote tatu za mbele. Mwaka huo, kama ilivyokuwa mwaka 1970, aliteuliwa kuwa mwanamichezo bora wa magari wa Kenya.

Aliendelea kuingia Safari hadi mwaka 1980. Kwa jumla aliianza mara 22, akaimaliza mara 19. Watu humkumbuka kwa ushindi wake wa mara 3, lakini mafundi huitazama hiyo 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine magari 7 tu yalirudi kati ya 84, mtu kufika mara 19 si bahati. Ni mtu aliyejua kulisikiliza gari lake, aliyepunguza mwendo pale wengine walipoukaza, na aliyeondoka kila alfajiri akijua kilicho chini ya boneti kwa kuwa alikishika mwenyewe.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Magari ya enzi zake hayakufa pamoja naye. Tangu mwaka 2003 yamekuwa na mashindano yao ya Safari ya magari ya kale, na mara nyingine husikika yakinguruma tena katika vumbi la Afrika Mashariki.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yule jirani yetu wa Jumamosi, mwenye gari juu ya mawe, huenda hatashinda mashindano yoyote. Lakini siku litakapowaka, atakuwa analijua, skrubu kwa skrubu, kuliko anavyolijua lake yule aliyelinunua jipya jana. Tukipita karibu naye, tusimcheke upesi. Pengine pembeni yake amesimama kijana mdogo, ameshika taa, anangoja aitwe alete spana.