Maisha ya Jemadari Zheng He, Muislamu Aliyeongoza Merikebu za Uchina

Katika miaka hii jina la Zheng He limekuwa likitajwa sana katika pwani yetu. Wakuu wa Uchina hulitaja kila wanapokuja kutia saini mikataba ya bandari na reli, na baadhi ya Waislamu wenzetu hulitaja kwa fahari, wakidhani kwamba alikuwa mhubiri aliyetumwa kueneza dini. Wengine nao humdharau, wakisema alikuwa mtumwa wa mfalme kafiri tu, basi hana lake katika Uislamu. Makundi yote mawili yamehukumu kabla ya kusoma. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kueleza maisha ya mtu huyu kama yalivyokuwa, ili msomaji ajue ni nani aliyetumwa, nani aliyemtuma, na alitumwa kutafuta nini.

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 huko Kunyang katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya Uchina. Jina lake la kwanza lilikuwa Ma He, na Ma ni jina la ukoo lililoenea sana baina ya Waislamu wa nchi ile. Baba yake na babu yake wote wawili walikwenda Makka wakahiji, wala hiyo haikuwa safari ya mchezo kwa mtu atokaye katika milima ya Yunnan zama hizo. Nasaba yake hupandishwa hadi kwa Sayyid Ajall Shamsuddin Omar wa Bukhara, aliyewekwa na Kublai Khan kuwa mtawala wa Yunnan mwaka 1274. Sayyid huyo ndiye aliyestawisha nchi ile kwa mifereji ya maji na shule, na katika zama zake Uislamu ukashika mizizi huko.

Wamongoli waliokuwa wakiitawala Uchina waliondolewa na ufalme wa Ming mwaka 1368, lakini Yunnan ilibaki mikononi mwao mpaka majeshi ya Ming yalipoivamia mwaka 1381. Mwaka uliofuata baba yake Ma He akafa, naye ni mtu wa makamo tu. Mtoto mwenyewe, umri wake kiasi cha miaka kumi, alitekwa na askari, akahasiwa kama walivyofanyiwa mateka wengi, kisha akatolewa kuwa mtumishi wa mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di, mkuu wa mji wa Beiping, ambao leo ndio Beijing. Hivyo ndivyo mjukuu wa mahujaji alivyotiwa katika nyumba ya watu waliovunja nchi yake.

Bali Mwenyezi Mungu alimpa kimo, akili na ushujaa. Alikua katika kambi za kaskazini, akajifunza vita katika kupigana na Wamongoli. Mwaka 1399 Zhu Di alimwasi mfalme, ambaye alikuwa mtoto wa ndugu yake, na vita vyao vikadumu miaka mitatu. Ma He alipigana upande wa bwana wake kwa uhodari mkubwa. Mwaka 1402 Zhu Di akaingia Nanjing, akakalia kiti cha enzi kwa jina la Yongle. Mwaka 1404 akamtunukia mtumishi wake jina jipya la ukoo, Zheng, kwa ajili ya ushujaa wake, na kwa jina hilo ulimwengu wote unamjua.

Hapa yataka tusimame kidogo, kwani siri ya safari zote imo katika mambo haya. Mfalme Yongle alikuwa amenyakua ufalme kwa upanga. Wengi katika wanazuoni wa Uchina walimwona kuwa ni mnyang'anyi, naye akawaua waliokataa kumtambua. Mtu wa namna hii huhitaji mashahidi wa kuthibitisha kwamba ufalme ni haki yake. Basi akaona kwamba wajumbe wa mataifa ya mbali wakija kuinama mbele ya kiti chake na kuleta hidaya, watu wake watasema kwamba hata mbingu zimemridhia. Tena ufalme wa Ming ulikuwa umekataza raia wasifanye biashara ya ng'ambo kwa mali zao wenyewe. Aliyetaka hariri na vyombo vya kauri vya Uchina hakuwa na mlango ila mlango wa mfalme, na ufunguo wake ulikuwa ni kukubali kwamba mfalme wa Uchina ni mkubwa wa wafalme. Aliyekubali alipewa muhuri, nguo za heshima na zawadi zilizozidi thamani ya hidaya aliyoleta. Asiyekubali alikosa biashara, na pengine alikosa mengi zaidi.

Kwa kazi hiyo mfalme alimchagua Zheng He. Alikuwa mtu wake wa kuaminika, asiye na mtoto wala ukoo wa kugombea ufalme, naye ni Muislamu, na bandari nyingi kutoka Sumatra mpaka Hormuz zilikuwa na wafanyabiashara Waislamu. Kati ya mwaka 1405 na 1433 alitumwa mara saba. Safari ya kwanza ilikuwa na watu kiasi cha 27,800, nao ni askari, mabaharia, matabibu, wakalimani na makarani, wakiwa katika merikebu kubwa 62 pamoja na vyombo vidogo. Vitabu vya Kichina vyasema kwamba merikebu kubwa kabisa zilipita mita 120 kwa urefu. Wajuzi wa merikebu wengi wanalitilia shaka jambo hilo, lakini hakuna anayekanusha kwamba Bahari ya Hindi haikupata kuona msafara mkubwa kama ule.

Wasemao kwamba msafara ule ulikuwa wa amani tupu hawakutazama vizuri. Mwaka 1407 Zheng He alimkamata huko Palembang haramia mkubwa aliyeitwa Chen Zuyi, akapelekwa Nanjing akauawa. Mwaka 1411 alipigana na mtawala wa Ceylon, akamchukua mateka pamoja na watu wa nyumba yake mpaka mbele ya mfalme, kisha wakaachiliwa, na nchi ikawekewa mtawala mwingine. Katika safari ya nne aliingilia ugomvi wa ufalme huko Sumatra, akamkamata aliyekuwa akimpinga sultani aliyetambuliwa na Uchina. Malacca nayo ilipewa himaya dhidi ya Siam, na Wachina wakajenga huko maghala yenye ulinzi ya kuwekea mali zao wakingojea pepo za msimu. Kwa ufupi, hawakuweka walowezi wala hawakukusanya kodi ya ardhi. Walilotaka ni njia za bahari ziwe salama kwao, na kila aliye juu ya njia hizo awe rafiki yao au awe na hofu nao.

Ama pwani yetu ilifikiwa hivi. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea Yongle twiga, na Wachina wakamshangaa sana, kwani walimfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao ambaye huonekana tu zama za mfalme mwadilifu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi nao wakaleta twiga. Mfalme aliyenyakua kiti kwa damu alifurahi mno kupata ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa mnyama wa nyika zetu! Katika safari ya tano, iliyoanza mwaka 1417, msafara uliwarudisha wajumbe makwao, ukafika Adeni, Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na Uchina walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya shaba ya Yongle, na mwaka 2013 nyingine ikapatikana kisiwani Manda.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasomaji wetu wengi hupenda kuulizia, nalo ni dini yake. Twajua kwamba mwaka 1405, kabla ya kuondoka, alisimamisha jiwe la kumkumbuka baba yake, na ndani yake baba ametajwa kwa cheo cha uhaji. Twajua kwamba alimchukua Hasan, imamu wa Xi'an, awe mkalimani wake, na kwamba Ma Huan, Muislamu aliyeandika habari za nchi walizozipitia, alikuwa katika watu wake. Mwaka 1417 alizuru makaburi ya Waislamu wa kale huko Quanzhou. Katika safari ya mwisho baadhi ya watu wa msafara walifika Makka. Lakini pia twajua kwamba jiwe lililowekwa Galle huko Ceylon, lenye tarehe ya 1409, lilitoa zawadi katika lugha tatu: kwa Buddha kwa Kichina, kwa mungu wa Wahindu kwa Kitamil, na kwa Mwenyezi Mungu kwa Kifursi. Mwaka 1431 alisimamisha mawe mawili ya kumshukuru mungu-mke wa mabaharia wa Kichina, tena alitoa mali kuchapisha vitabu vya Mabudha.

Hatuwezi kuyaficha haya, kwa sababu kuficha haki si katika tabia ya Waislamu. Wala hatuwezi kuyasifu, kwa sababu tauhidi haigawanyiki mafungu matatu. Pamoja na hayo tukumbuke kwamba mtu huyu alitolewa kwa wazee wake angali mtoto, akalelewa mahali ambapo neno la bwana lilikuwa ndilo sheria, na mawe mengine aliyaweka kwa amri. Lililo moyoni mwake analijua Aliyemuumba. Kwetu sisi linabaki funzo, kwamba Muislamu anayekitumikia kiti cha mwingine kwa moyo wake wote huweza kupata cheo, lakini hana uhuru wa kuchagua jina la nani litaandikwa juu ya jiwe.

Yongle alikufa mwaka 1424, na mrithi wake akasimamisha safari. Gharama zilikuwa nzito, kwani mfalme yule alijenga mji mkuu mpya Beijing, akapigana na Wamongoli, tena akaitwaa Annam, ambayo leo ni sehemu ya Vietnam, akaikalia mpaka watu wake walipowatoa Wachina miaka ya 1427 na 1428. Zheng He akawekwa kuwa mkuu wa jeshi la Nanjing. Mwaka 1430 mfalme Xuande akamwamuru atoke mara ya saba. Akatoka, naye alikuwa mzee wa miaka sitini, na inasemekana akafa mwaka 1433 safarini na kuzikwa baharini. Baada yake Uchina ikaigeuzia bahari mgongo. Merikebu zikaoza, na yasemekana kwamba hata daftari za safari zake ziliharibiwa na maofisa waliochelea mfalme mwingine asije akazifuata.

Miaka 65 baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alifika Malindi, na mwaka 1505 Wareno wakaiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Kwa hiyo wazee wetu waliwaona wageni wa namna mbili, na ni haki kusema kwamba Zheng He hakuichoma miji yetu. Lakini mgeni asiyekuchomea nyumba hajawa ndugu kwa hilo tu. Waulizwe watu wa Ceylon na wa Annam.

Mwaka 2013 Rais Xi Jinping alitangaza huko Jakarta mpango wa njia mpya ya hariri ya baharini. Reli ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, imejengwa kwa mkopo mkubwa wa benki ya serikali ya Uchina, na sehemu tu ya karatasi za mkataba wake ndizo zilizoonyeshwa wananchi, mwaka 2022. Mwaka 2017 huo huo bandari ya Hambantota huko Sri Lanka ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina kwa miaka 99, na Uchina ikafungua kambi ya jeshi huko Djibouti. Hatusemi kwamba kila mkopo ni mtego, wala hatusemi kwamba reli haina manufaa. Twasema kwamba jambo ni lile lile la zama za Yongle, yaani njia za bahari, maghala na marafiki wenye kutegemea. Nao wanaotusifia Uislamu wa Zheng He ni haki kuwauliza pia juu ya Waislamu wa Xinjiang, ambao ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliandika habari za mateso yao mwaka 2022.

Dini yetu imetufunza dawa ya mambo haya. Katika Suratul Baqara tumeamrishwa kwamba deni liandikwe kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Basi mgeni tumpokee kwa ukarimu, lakini mkataba tuusome kabla ya kutia saini, na tusome pamoja na watu watakaoulipa. Malindi ilitoa twiga bila kujua alikuwa shahidi wa nini. Sisi hatuna udhuru huo, kwani vitabu viko mbele yetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu kila aliyekufa juu ya imani, na atujaalie macho ya kuona na vifua vya kusema haki. Amin.